Vyumba Saba Hadi Ukuta wa Mawe

Chumba cha tatu ndicho kilichoondoka kwanza. Hakikuanguka, kiliinuka. Paa lilipanda kidogo, likayumba, kisha ukuta wa udongo ukayeyuka chini yake na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakapita palipokuwa na kitanda cha watu. Kabla mtu hajamaliza kusema "woi", cha nne kikafuata, na cha tano kikaenda nacho.

Nasipwondi aliyaona hayo akiwa mlangoni pa chumba cha nane, cha mwisho kabisa kwenye ploti, kile kilichoelekea mto. Tepu yake ya kupimia ilikuwa shingoni na jora la satini ya zambarau kwapani. Alikuwa fundi wa nguo kule Kawangware, na asubuhi hiyo alikuwa amekuja Silanga, Kibera, kwa miguu, viatu mkononi, kupima kwaya ya kanisa la mdogo wake Sella. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kila mtu mwenye akili alimwambia asiende, naye akajibu kwamba kwaya haiwezi kuimba uchi.

"Panda!" alimpigia Sella kelele. "Panda juu, wacha vyombo!"

"Na sufuria?"

"Sella, nitakuzaba kofi!"

Mtu wa tatu pale alikuwa mzee Simeon Kimotho, mwenye ploti, Baba Ciru kwa wapangaji wake. Huyu alikaa Kawangware vilevile, kwenye nyumba ya mawe yenye geti, na Silanga alikuwa mgeni wa mara moja kwa mwezi. Siku hiyo alikuwa amekuja kutazama ukuta wa nyuma ambao Sella aliulalamikia tangu Krismasi. Basi aliutazama. Ulipasuka mbele ya macho yake, maji yakaingia na nguvu ya ng'ombe anayetoka zizini, na mzee wa watu akajikuta anakanyaga meza, dirisha, halafu bega la Nasipwondi, hadi juu ya paa.

Sella alikuwa wa mwisho kupanda. Bati lililolegea likamkata paja. Alipofika juu, sketi ilikuwa imeshalowa damu, na hakulia, alisema tu, "Siz, naskia baridi."

Nasipwondi alifungua kilemba chake, akalizungusha paja mara tatu, akakaza kwa goti. Damu ikapungua, haikukoma. Akamwambia Kimotho aminye pale kwa kiganja na asiachilie.

"Mimi damu sipendi kuona," mzee akasema.

"Funga macho, uminye."

Akafunga macho, akaminya.

Ndipo Nasipwondi akainua kichwa na kuona walipo. Vyumba vyote saba vilivyokuwa kati yao na jengo la choo cha kulipia vilikuwa vimeondoka. Jengo lile lilikuwa la mawe, la ghorofa moja, kule mwanzo wa ploti, na watu walikuwa wamejaa juu yake na kwenye ngazi. Mto ulikuwa umeacha njia yake nyuma ya chumba cha nane na sasa ulipita pale pale palipokuwa na vyumba, ukienda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa mawe, ukaugonga, ukapinda kwa hasira kushoto kuelekea dam, lile bwawa la chini ya mtaa. Kila kilichofika kwenye ile kona kilizama. Aliona mlango ukifika, ukisimama wima kama mtu anayechungulia, ukamezwa. Ulitokea mbali sana, vipande viwili.

Paa lilitetemeka chini yao, na mitungi miwili mitupu ya plastiki ambayo Sella aliifunga pembeni mwa bati ikagongana. Chumba cha nane kilikuwa kimesimama kwa sababu moja tu: nguzo moja ya kona ilikuwa imezikwa kwenye zege. Kuta zake zilikuwa udongo kama za wenzake, nazo zilikuwa zinalainika. Kila baada ya muda kidogo bonge lilidondoka majini, pu, na bati likashuka unywele mmoja. Nasipwondi alihesabu mabonge mawili, akaacha. Aliogopa. Aliogopa hadi meno yakauma.

Juu ya jengo la mawe mtu mrefu alipunga mikono. Nasipwondi alimjua: Murunga, kibarua wa mjengo na kiongozi wa kwaya, ambaye kwa kweli alipaswa kuwa anapimwa kifua saa hizo.

"Mko wangapi?" sauti yake ilifika kwa vipande.

"Watatu! Mmoja ameumia!"

"Hatuna kamba! Kamba zote zimeenda kwa wale wa chini! Mna kitu?"

Nasipwondi alitazama kwapani. Jamani, jora bado lilikuwapo. Alikuwa amepanda ukuta, ameinua mtu, amefunga kidonda, na kitambaa cha watu hajakiachilia. Fundi ni fundi.

"Nina kitambaa!" akajibu. "Ni umbali gani kutoka hapa?"

Hapo sasa ndipo Kibera ikawa Kibera. Kila mtu juu ya lile jengo alikuwa na jibu. Mmoja akapiga kelele mita thelathini. Murunga akasema mita ishirini, haipiti. Mama mmoja akasema ni hatua thelathini, yeye hupita hapo kila siku akienda kuchota maji. Kijana akasema ni nusu ya uwanja, akaambiwa anyamaze.

Nasipwondi alizichanganua hesabu zote kichwani, akizileta kwenye lugha yake, inchi na futi. Mita thelathini ilikuwa futi karibu mia. Mita ishirini, futi sitini na tano na kitu. Hatua za mama mwenye mtungi kichwani ni fupi, tuseme futi mbili na nusu kila moja, kwa hivyo sabini na tano. Mia, sitini na tano, sabini na tano. Ukimpimia mtu koti namna hiyo atakupeleka polisi.

"Vyumba vilikuwa saba," Sella akasema kwa sauti ndogo. "Kutoka kwangu hadi choo. Ten-by-ten saba."

Hapo Nasipwondi akapumua. Hicho ndicho kipimo ambacho hakuna mtu Kibera anayekibishia. Chumba ni ten-by-ten, futi kumi kwa kumi. Ukitafuta nyumba unaulizia ten-by-ten, ukihama unahamia ten-by-ten, umezaliwa ndani ya ten-by-ten. Saba mara kumi ni sabini. Futi sabini.

"Sikiza," alimwambia Kimotho. "Nikifunga mtungi mtupu mwisho wa kitambaa, maji yatauchukua hadi kwenye ukuta. Murunga atauvua. Lakini ni mara moja tu. Kikishalowa na mto ukikishika, hatuwezi kukirudisha. Kikiwa kifupi, kitaning'inia hapo katikati na sisi tutaning'inia hapa."

"Kiko yadi ngapi?" Kimotho akauliza.

"Kumi na tano. Yadi ni futi tatu. Arobaini na tano." Akaviringua jora magotini. "Nikikichana katikati kwa urefu, niache shibiri moja mwishoni bila kuchana, kitafunguka mara mbili. Tisini. Tunasokota, kinapungua kidogo, bado kinatosha."

Akauma ukingo kwa meno, akachana. Satini ililia. Alichana hadi mkono ukafa ganzi, akaacha ile shibiri, akapafunga fundo. Ndipo mazoea ya kazi yakamshika. Fundi hapokei kitambaa bila kukipima, na hiki alikuwa amekipokea jana jioni kwa haraka, muuzaji akifunga duka. Akavuta tepu shingoni, akapima yadi ya kwanza kutoka alama ya chaki hadi alama ya chaki.

Inchi thelathini na moja.

Akapima ya pili. Thelathini na moja. Ya tatu vilevile.

"Mshenzi!" akasema. "Mshenzi, mwizi, na mkono wake huo mfupi!" Muuzaji alikuwa amepima kwa mtindo wa dukani, kutoka ncha ya pua hadi ncha ya vidole, na pua yake aliigeuza upande wa faida. Kila yadi ilikuwa imeliwa inchi tano. Kumi na tano zile hazikuwa arobaini na tano za futi. Zilikuwa thelathini na tisa kasoro. Mara mbili, sabini na saba na nusu. Na kusokota kunakula sehemu moja ya nane, hilo alilijua kama jina lake.

"Sitini na nane," akasema. "Nayo ni kabla ya kufunga mafundo. Haifiki."

Bonge lingine likadondoka, kubwa. Paa likainama upande wa mto, na Sella akateleza, akashikwa nywele na Kimotho.

"Chana mara tatu badala ya mbili," mzee akasema.

Nasipwondi alikata kijipande chembamba, theluthi ya upana, akakisokota, akakivuta kwenye ukingo wa bati jinsi kitakavyovutwa na uzito wa mtu. Bati lilikilamba mara mbili, kikakatika. Satini ni nguo ya kuimbia, si ya kuvushia watu. Ya nusu upana ingehimili. Ya theluthi ingemfikisha Sella katikati, kisha ingemwachilia.

Akakaa chini juu ya bati. Kwa mara ya kwanza machozi yalimtoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni. Sella alikuwa anasinzia, na midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nasipwondi alikuwa amemlea huyu tangu mama yao alipofariki kule Webuye, alikuwa amemleta Nairobi mwenyewe, na chumba hiki kilichoelekea mto ni yeye aliyemwambia akichukue kwa kuwa kilikuwa na hewa safi.

"Sella. Sella! Usilale. Imba."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Imba sauti ya pili."

Sella akaanza kuimba, sauti ya pili peke yake, ambayo haina utamu bila ya kwanza. Ilikuwa vibaya kusikia.

Kimotho alikuwa bado ameshika lile paja, macho yamefungwa tena. Akayafungua. Akamtazama Sella, akatazama maji, akatazama watu kule ng'ambo, ambao nusu yao walikuwa wapangaji wake.

"Fundi," akasema. "Usihesabu kumi."

"Nini?"

"Vyumba. Usihesabu kumi kumi."

"Nihesabu ngapi, Baba Ciru?"

Mzee alionyesha jengo la choo kwa kidevu. "Ploti yote ni futi sabini. Kutoka choo hadi ukuta huu wa nyuma. Ilikuwa ya vyumba saba. Mimi nikaambia fundi wa mjengo atoe vinane."

Nasipwondi alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. Sabini kwa vinane. Futi nane na inchi tisa.

"Wewe umetuambia ni ten-by-ten miaka yote hii," alisema.

"Nimewaambia."

"Na mtu hajawahi kupima?"

"Nani atapima? Mtu anaona kitanda kimeingia, meza imeingia, basi."

"Ngoja," Sella akasema, ameacha kuimba. "Ngoja kidogo. Ndio maana kapeti yangu hupanda ukuta! Nimekunja hiyo kapeti mwaka mzima nikidhani niliuziwa kubwa!"

Kama si kifo kilichokuwa kinawasubiri hapo chini, wangecheka. Nasipwondi hakungoja. Neno la mtu aliyekudanganya miaka yote haliwi kweli kwa sababu tu mnazama pamoja. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono chini ya bati hadi akagusa boriti iliyokaa juu ya ukuta wa huku, akavuta tepu kwa vipande hadi boriti ya ukuta wa kule, akiweka alama kwa ukucha. Futi nane. Inchi tisa. Mzee hakuwa amesema uongo safari hii.

Sabini toa chumba hiki kimoja. Sitini na moja na inchi tatu.

"Tuna futi sita za mafundo," akasema. "Sokota, mzee. Sokota kama unataka kuona Ciru tena."

Wakasokota, Nasipwondi upande mmoja, Kimotho upande mwingine, Sella akijiminya paja mwenyewe, hadi satini ikawa ngumu. Wakaifunga mwisho mmoja kwenye nguzo ya kona, mwingine kwenye mtungi mtupu wa maji. Nasipwondi akaushusha. Mto ukaunyakua. Kitambaa kikakimbia mikononi mwake, kikamchubua, rangi ya zambarau juu ya maji machafu, kikafika mwisho na kukaza kwa kishindo. Nguzo ililia.

Mtungi ulikuwa unagonga ukuta wa mawe. Murunga alishikwa miguu na wanaume wawili, akaning'inia kichwa chini kutoka dirishani na jembe mkononi, akaukosa, akaukosa tena, akaunasa kwenye kishikio. Kelele zilizotoka juu ya lile jengo zilizidi za mto.

"Tuma mgonjwa!"

Walimfunga Sella mshipi wa Kimotho kifuani na kuuzungusha kwenye kamba, akakumbatia mtungi wa pili. Nasipwondi akambusu kisogo. Hakusema maneno marefu, alisema, "Miguu mbele, kinywa juu." Sella akashuka. Maji yalimfunika, yakamtoa, yakamfunika. Pale kwenye kona alizama kabisa. Kisha mikono ikaingia majini, mingi, ikatoka na mtu.

"Nenda," Kimotho akasema.

"Wewe ni mzito. Ukibaki wa mwisho nguzo haitakungoja."

"Ndiyo, nenda kabla haijachoka. Nenda, mama!"

Akaenda. Hakuwa na mtungi wala mshipi, alikuwa na kanga aliyojifunga kwenye kamba na mikono yake miwili. Mto ulikuwa baridi na ulikuwa na vitu ndani, mbao, nguo, kitu laini alichoomba kiwe godoro. Alikuwa katikati aliposikia kamba imelegea.

Akageuza kichwa. Nguzo ilikuwa inaanguka. Kimotho alikuwa ameliona hilo mapema kuliko yeye. Alikuwa amefungua fundo, zile futi chache zilizobaki amejizungushia kifuani na mkononi, na sasa alikuwa amekaa juu ya bati, visigino vimekaza kwenye boriti, akimshikilia yeye kwa uzito wa mwili wake. Nasipwondi alimsikia akimwita Mungu, "Ngai, Ngai, Ngai," kisha chumba cha nane kikakaa chini kama mtu aliyechoka, na mzee akaingia majini nacho.

Kamba ikavuta. Upande mmoja mto, upande mwingine kwaya nzima. Nasipwondi aligonga ukuta kwa bega, akazama kwenye kona, akanywa maji ambayo hataki kuyazungumzia hadi leo, akashikwa kola. Hata kabla hajatapika alipiga kelele, "Vuteni, kuna mtu! Msiachilie, kuna mtu!"

Walivuta. Kimotho alitokea chali, mkono umeteguka begani, kipara kimepasuka, kamba imepasua shati na kumkata kifuani. Walimpandisha dirishani kama gunia la makaa. Alikohoa, akakohoa tena, akafungua macho na kuuliza, "Yule msichana?"

Sella alikuwa amelala kwenye ngazi, muuguzi wa mtaa amemwinulia mguu na kumfunga upya. Midomo ilikuwa bado ya kijivu, lakini alikuwa anamtukana mtu aliyemkanyaga. Nasipwondi akamlalia miguuni, akalia hadi akaishiwa.

Watu walizunguka. Mama mmoja alileta chai. Murunga, tope hadi kwenye nyusi, alikuwa ameshika mwisho wa kile kitambaa na kukionyesha kwa kila mtu.

"Mmeona nyinyi? Fundi ameniambia sasa hivi hiki ni futi sitini na nane, na nyingine zimeliwa na mafundo! Na vyumba saba vya ten-by-ten ni sabini! Sabini! Kitambaa kimerefuka! Mungu amekirefusha!"

"Amina!" wakajibu. Mtu akaanza wimbo. Wengine wakapokea, wenye vyumba vilivyoondoka na wenye watoto mgongoni, na wengine walikuwa wanalia wakiimba.

Nasipwondi aliinua kichwa. Macho yake yakakutana na ya Kimotho. Angeweza kunyamaza, wote wawili wangeweza. Wimbo ulikuwa mtamu, na mtu aliyemshikilia katikati ya mto hakustahili kuaibishwa na yeye. Akafumba mdomo.

Ni mzee mwenyewe aliyejiinua kwa mkono mmoja mzima.

"Hakijarefuka," akasema.

Hakuna aliyesikia. Akasema tena, kwa nguvu, na wimbo ukakatika mstari baada ya mstari.

"Kitambaa hakijarefuka. Ni vyumba vilivyokuwa vifupi. Havikuwa futi kumi. Vilikuwa nane na inchi tisa. Mimi ndiye nilivikata."

Wapangaji wake walimtazama, na ukawaona kabisa wakipima kichwani, kitanda kilichokataa kuingia, mlango uliogonga kabati, mtoto aliyelala amekunja miguu. Adhis, mama wa chumba cha tatu, kile kilichoondoka kwanza na kila alichokuwa nacho duniani, alimsogelea. Wanaume wawili wakajiandaa kumshika. Hakumpiga.

"Kwa hivyo ile nafasi ulituibia," akasema polepole, "ndiyo imekuvusha."

Kimotho akaanza kutetemeka, kwanza kidevu, kisha mwili wote, mtu mzima mwenye nyumba ya mawe na geti, akitetemeka mbele ya watu aliowakalia miaka yote.

Nasipwondi alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alimnyooshea. Halafu, mkono ukiwa umefika nusu, akaurudisha, akamnywesha Sella kwanza. Sella alipomaliza kunywa cha kumtosha, mzee akapewa kilichobaki.